Tundu la Bolti

Mimi ndiye katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka
na kwa sababu kinyago changu cha kwanza kilifanana na kiazi.
Daftari ni la shule. Jalada limeliwa na panya.
Jumamosi, saa nane. Waliofika: tisa.
Mahali: parsele ya Mama Kyalwe, Katuba,
nyuma ya magunia yake ya makala, chini ya bati.
Kourant: hakuna.

Mbao tunapewa na Masengo,
aliyekaza bolti za reli miaka thelathini
na siku ya mwisho akalipwa kwa mataruma:
mia na arobaini, yamelala mbele ya nyumba yake
kama treni iliyokataa kuondoka.
Ni mbao nzito. Zimekunywa mafuta, mkojo, mvua za Novemba,
zimebeba shaba ya watu wasiojua majina yetu.
Ukizigusa kwa patasi, kwanza hutoa harufu ya stesheni,
kisha, ndani zaidi, kama bado ipo,
harufu ya mti.
Tunanusa wote. Hata aliyechelewa huitwa aje anuse.

Ajenda ya kwanza: ada.
Numbi ana deni la miezi minne, analipa kwa utani.
Ajenda ya pili: nani amerudisha tezo ikiwa butu?
Sheria tunaijua: anayeazima makali akarudisha ububutu
hununua sukari ya kikao.
Chai ikanywewa bila sukari.

Ajenda ya tatu sikuiandika.
Numbi huzika vinyago vyake wiki tatu kwenye udongo mwekundu,
huvifukiza moshi, huvisugua kwa dawa ya viatu,
na wageni wa hoteli wakimuuliza vina umri gani
hujibu, "Babu yangu alivikuta."
Feza akasema: wewe unachonga uongo.
Numbi akasema: uongo wangu unasomesha watoto.
Ukweli wako uko wapi, Feza? Si umeukalia hapo,
kigoda ambacho hakuna aliyekinunua?
Tulicheka. Halafu hatukucheka.
Niliitazama kalamu. Nikaandika: Mazungumzo yaliendelea.

Taruma la Chola lilikuwa na tundu katikati,
pana kama kidole gumba, jeusi kwa kutu.
Chola ndiye mdogo wetu; alikuja mara moja kununua makala
akasahau kuondoka.
Kila mtu akamletea shauri.
Mama Kyalwe: lifanye kitovu.
Feza: jicho, mwanangu, na jingine lifumbe.
Masengo: liziba kwa gundi na unga wa msumeno,
maji hupenya humo.
Numbi: waambie ni la risasi, bei itapanda.
Chola alikuwa anapuliza maranda kwenye magoti yake.

Daftari langu, Jumamosi zilizofuata:
Chola, bado.
Chola, bado.
Chola hakufika, malaria.
Chola, bado, na ameomba msasa.

Kisha akaligeuza, akaliweka juu ya miguu minne
nasi tukaona ni benchi.
Hakuna sura, hakuna nyoka, hakuna mama na mtoto.
Amelilainisha mpaka mkono unateleza wenyewe,
lakini ukingo wa tundu hakuugusa.
Numbi alizunguka mara mbili akitafuta neno la kusema.

Masengo akakaa.
Alikuwa anazungumzia jambo jingine kabisa, bei ya unga,
na huku kidole chake kikatembea juu ya mbao,
kikaliona tundu, kikaingia,
kikageuka kulia, taratibu, mara moja na nusu,
kama mtu anayekaza.
Akakitoa. Kilikuwa chekundu.
Akakitazama. Akarudi kwenye bei ya unga.

Mengineyo: kilo ya sukari imekutwa mlangoni
ndani ya mfuko mweusi. Haina jina.
Kikao kimefungwa saa kumi na moja, kwa mvua.
Benchi tumeliingiza ndani, watu wanne.
Bado ni zito.